Tisini Mfululizo

9 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila pua yangu ni mgonjwa na nitakueleza kwa nini. Natumai goti lako limepoa na Chiriku hajakumaliza kwa maswali. Mbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Mwambie mama yake amepata kazi ya kweli, ya kiwandani, yenye sare na jina lake kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni.

Kazi yenyewe ni kuku. Siku naondoka ulinitania kwamba binti wa mwenye bucha hawezi kwenda mahali asikute nyama inamsubiri. Haya, umeshinda. Kuku wanapita mbele yetu wametundikwa miguu juu kwenye mnyororo wa kulabu, na mimi ni mtu wa saba kwenye mstari. Naingiza mkono, navuta utumbo, natenga maini na firigisi, takataka nasukumia mferejini, na kabla sijafuta jasho mwingine ameshafika. Sakafu ina maji ya vuguvugu yenye mafuta, damu na manyoya, yanaingia ndani ya mabuti hata ufunge vipi. Siku ya kwanza nilitapika ndani ya barakoa. Mnyororo haukusimama. Ikabidi nimeze. Nakuambia wewe kwa sababu najua habari hizi hazikunyimi chakula.

Nimekulia buchani na nilidhani mimi kinyaa sikijui. Kumbe nilikuwa sijakutana nacho. Wewe ulikuwa na ng'ombe mmoja kwa siku, ukamkata kwa utaratibu na kisu chako ukakifuta. Hapa ni maelfu, wote sura moja, na harufu yao inapanda kitandani pamoja nami. Najisugua kwa ndimu mpaka ngozi inawaka. Wenzangu wawili wa chumbani wanafagia maofisi, na wamenipa kitanda cha dirishani. Usidhani ni ukarimu.

Sasa sababu. Karatasi niliyotia sahihi inasema nikifikisha siku tisini naandikwa mfanyakazi wa kudumu. Wa kudumu anapata kibali cha kuishi, na mwenye kibali anaruhusiwa kumleta mtoto wake. Nilianza tarehe 3 Januari. Baada ya neno la siku na ile tisini kuna neno jingine refu la Kihispania ambalo sikulijua, lakini namba naijua, kwa hiyo nilisaini. Nina daftari la maneno, kila siku najifunza matatu. Ninayefanya naye kazi ubavuni ni mama mmoja mtu mzima, sisi tunamwita Bibi Mkasi kwa sababu anakata shingo, na ndiye mwalimu wangu. Mpaka sasa najua kusema kisu, maji ya moto, haraka, na haraka zaidi.

Mwambie Chiriku ahesabu na mimi.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika, imesomwa na mimi mara moja na Chiriku mara nne. Sisi wazima. Goti ni lilelile, linanitabiria mvua kuliko redio. Chiriku amechora mistari tisini kwenye ukuta wa jikoni kwa mkaa, na kila asubuhi anafuta mmoja. Nilitaka kumchapa kwa ajili ya ukuta, nikakumbuka ni mistari ya nini, nikamwacha.

Kuhusu kuku, nimecheka kwanza, baadaye nikasikitika. Kuku si nyama ya kujivunia, lakini kazi ni kazi. Nikupe siri ya mzee: nyongo haivutwi kwa nguvu, inavutwa kwa adabu. Tanguliza vidole viwili chini ya ini, ukiisikia laini, iinue nzima. Ikipasuka imeharibu kila ilichogusa. Na usipumue kwa pua hata kama umevaa kitambaa. Pumua kwa mdomo na ufikirie jambo jingine kabisa. Mimi miaka yote nilikuwa nafikiria mpira.

Mheshimu msimamizi wako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe unachokitaka kiko mbali sana mvunguni. Akisema panda, panda. Akisema shuka, shuka. Siku tisini si maisha.

Hapa biashara inakwenda. Shoka anakusalimu sana, anasema bado anakukumbuka ulivyokuwa unakuja kwake na mfuko umekuzidi kimo. Bega lake la kulia limeanza kumsumbua, mifupa mikubwa siku hizi naipasua mimi mwenyewe, na yeye anakata vipande. Mtu amekuwa nami miaka kumi na saba, sasa ameanza kuzeeka kabla yangu. Nimemwambia ajikaze.

Chiriku anauliza kama huko kuku wanajua Kihispania. Mjibu mwenyewe, mimi nimeshindwa.

Baba yako


5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hali yangu si mbaya. Nimefurahi kusikia goti halijazidi, na nimehuzunika kuhusu bega la Shoka. Mpe pole yangu. Chiriku mwambie kuku wakifika kwangu hawana tena lugha.

Siri yako ya nyongo imenisaidia. Sasa napasua moja au mbili tu kwa zamu. Lakini ile ya kufikiria mpira imenikataa. Nikifikiria chakula, nachefuka. Nikimfikiria mtoto wangu nikiwa na mkono ndani ya kuku, naona nimemchafua. Kwa hiyo nafikiria maneno. Navuta utumbo huku nanong'ona, jana, leo, kesho, kesho kutwa, kwa lugha yao.

Nina habari nzuri na habari ninayoishangaa. Nzuri ni hii. Tarehe 31 Machi msimamizi alikuja mpaka nilipo. Tunamwita Bwana Meno, maana hajawahi kuyafunika, anacheka hata akikufokea. Akanigusa bega, akasema nimefanya kazi vizuri kuliko wote, nimechoka, nipumzike siku mbili. Akanipa na mfuko wa shingo na mabawa, bure. Baba, nilimshukuru mpaka nikaona haya. Nilimwinamia kabisa. Hakuna mtu aliyenigusa bega tangu nifike nchi hii. Nililala siku mbili nzima, na wale wa maofisini tukala nao shingo, ingawa mimi nilikula mchuzi tu na kwa kufumba macho.

Ninayoishangaa ni hii. Niliporudi nikapita ofisini kuulizia karatasi yangu ya kudumu, maana kwa hesabu yangu, ukiondoa siku mbili za kulala, ilibaki siku mbili tu. Karani hakuinua hata uso. Alisema hazijatimia, ni moja. Nikadhani anamwambia mtu mwingine. Nikarudia. Akasema siku moja, umeanza leo. Pengine nimekosea kuhesabu, au Kihispania changu ndicho kilichokosea. Bibi Mkasi alikuwa likizo ya ugonjwa, sikuwa na wa kumuuliza.

Kwa hiyo Chiriku achore mistari mingine tisini. Mwambie mama alikosea hesabu, na asicheke sana.

Mwanao


28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi salama, isipokuwa ukuta wa jikoni ambao sasa umekuwa mweusi. Chiriku hakucheka. Alichora mistari yote tisini bila kusema neno, na wewe unajua kunyamaza kwa Chiriku si jambo dogo. Nilimpa ini la kukaanga akakataa.

Usikate tamaa kwa siku hizo. Ofisi zote duniani hesabu zao wanazijua wenyewe. Unachotakiwa ni kumshika huyo Bwana Meno kwa mikono miwili. Mwajiri anayekumbuka kwamba mtu ana mgongo ni mwajiri wa kushukuru, hawajai sokoni. Mimi mwenyewe Shoka nimempumzisha miaka yote hiyo, wiki moja kila inapokaribia miezi mitatu, na hakukosa mfuko wa mifupa ya supu. Ndiyo maana hakunikimbia, ingawa mabucha mengine yalimwita.

Sasa lakini bega limemshinda kabisa. Tangu wiki iliyopita haji tena. Nimeajiri mwingine mwenye mikono mizito, anakata nyama vipande vya kila saizi, wateja wanalalamika. Shoka sijaenda kumwona kwa sababu ya goti, na kwa sababu nikienda sijui nimwambie nini. Hakuna karatasi kati yetu, ilikuwa ni kuaminiana tu.

Vumilia. Haraka haraka haina baraka, hata kwa Kihispania.

Baba yako


4 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, maana nitakayosema ni mazito na sitaki yakukute umelala. Mimi siumwi. Nachefuka tu, na sasa najua sababu.

Tarehe 29 Juni Bwana Meno alikuja tena. Bega lilelile, meno yaleyale, mfuko uleule wa shingo na mabawa. Pumzika siku mbili. Safari hii sikuinama. Nilihesabu moyoni pale pale, nikiwa na mkono ndani ya kuku: siku ya themanini na nane. Kama mara ya kwanza. Nikamwambia sijachoka, nataka kuendelea. Akacheka, akasema mapumziko ni amri ya daktari wa kiwanda. Kiwanda hakina daktari, kina boksi la bandeji ambalo limeisha. Kesho yake nilikwenda hivyohivyo, jina langu halikuwa kwenye orodha ya mlangoni, mlinzi akanirudisha.

Tarehe 2 nikaingia na karatasi yangu ndani ya sidiria. Wakati wa chai nikampa Bibi Mkasi. Akaweka kidole chenye kovu kwenye lile neno refu baada ya tisini. *Consecutivos.* Halikuwa kwenye daftari langu. Nilikuwa nimejifunza maneno mia nne ya kufanyia kazi, hilo moja la kuishi nalo nikaliruka.

Hakunifafanulia kwa maneno. Alinirudisha kwenye mnyororo, akanionyesha kuku wanavyopita, kulabu baada ya kulabu, huyu na huyu na huyu, akawa anasema lile neno kwa kila mmoja. Halafu akamchomoa mmoja. Kulabu tupu ikapita mbele ya uso wangu. Akanyamaza. Aliyefuata alipofika akasema, moja. Kwetu tungesema mfululizo. Siku tisini mfululizo, baba. Jumapili haikati, sikukuu haikati, kinachokata ni siku ambayo jina lako halipo mlangoni. Na jina linaondolewa na Bwana Meno, ile siku anayokugusa bega. Bibi Mkasi ana miaka kumi na tisa hapo na hajawahi kufikisha tisini. Lile neno ameniandikia yeye mwenyewe kwenye daftari, amesema ni neno la heshima, la magazeti, linasemwa hata kwa mvua zinazofuatana na misiba inayofuatana.

Nilikwenda chooni nikatapika, na safari hii kuku hawakuhusika. Nilitapika kwa kukumbuka jinsi nilivyomwinamia yule mtu.

Na nilipokuwa nimepiga magoti pale, ndipo ikanijia barua yako ya Aprili. Wiki moja kila inapokaribia miezi mitatu. Baba, na sisi nyumbani kuna sheria ya miezi mitatu, anayeipita bila kukatika lazima aandikwe. Najua, nilikuwa nakusomea matangazo ya serikali ulipovunja miwani. Nilikuwa na miaka tisa, umri wa Chiriku sasa. Ulikuwa unanipa ule mfuko wa mifupa, unaniambia, nenda kwa Shoka, mwambie apumzike wiki hii, mgongo una haki yake. Nilikwenda mbio. Nilijiona nimebeba sadaka. Naye alikuwa anaupokea kwa mikono miwili, ananiambia, mwambie mzee Mungu amzidishie.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mimi sasa umenichoma. Niambie nimekosea. Niambie ilikuwa kwa sababu ya mgongo wake kweli, nami nitakuamini, kwa sababu nataka sana kukuamini. Ila nikijinusa mikono, sasa sijui kama ni harufu ya kuku au ya ule mfuko.

Mwanao


10 Agosti

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Wiki tano. Nimemwandikia na jirani yako mwenye duka la viatu, amenijibu kwamba u mzima na unafungua bucha kila siku, kwa hiyo najua kalamu unayo. Mpe Chiriku salamu zangu, kama bado unampa salamu zangu.

Nakuandikia kwa sababu jambo limetokea na sina mwingine wa kumwambia. Bwana Meno aliniita ofisini kwake, akanikalisha kwenye kiti chenye mto. Amesikia kwamba nimejifunza lugha haraka. Wameletwa wafanyakazi wapya hamsini, wengi wanatoka upande wetu, hawaelewi kitu, wanaogopa, na wanapopewa mapumziko wengine wanaleta matatizo. Anataka mtu wa kwao, mwanamke, mwenye sauti ya upole, awe anawapelekea habari ya mapumziko na ule mfuko. Hivyo tu. Mkono wangu utatoka kwenye utumbo, nitavaa koti jeupe. Na jina langu, akasema huku anapanga karatasi, jina langu halitaondoka mlangoni mpaka tarehe 29 Septemba. Hakutaja ni siku ya ngapi. Nilihesabu mwenyewe, ni siku ya tisini.

Ananijua, baba. Anajua kwamba najua. Ndiyo maana amenichagua. Aliponyoosha mkono kuniaga nilimpa, na nikaunawa baadaye mara tatu. Mikono hii inayoingia ndani ya maelfu ya kuku kwa siku, ikaona kinyaa kwa mkono wa mtu msafi.

Bibi Mkasi anasema mwaka fulani yeye pia aliitwa kwenye kile kiti. Alikataa. Sikumuuliza kama anajuta, niliangalia tu vidole vyake, haviwezi tena kufunga kifungo cha shati.

Nimepewa mpaka tarehe 18 Septemba nijibu. Chiriku atatimiza miaka kumi mwezi wa kumi na mbili. Niambie nifanye nini. Sikusemi tena kuhusu Shoka. Niambie tu.

Mwanao


1 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, ingawa sijui kama naistahili. Chiriku hajambo, na salamu zako zote nimempa, hata zile ambazo hukutuma. Mimi sijambo mwilini.

Sikukujibu kwa sababu mara ya kwanza niliandika barua ya kukufokea. Nikaichana. Ya pili ilikuwa ya kujitetea, kwamba bucha lilikuwa dogo, mama yako alikuwa anaumwa, ushuru, bei ya ng'ombe. Yote kweli. Nikaichana pia. Nyani haoni kundule, lakini akionyeshwa na mwanawe anaona vizuri sana, na haoni kitu kingine tena. Kila mfuko ninaofunga sasa naona kinyaa, iwe mteja ni nani.

Ilikuwa kwa sababu ya sheria. Mgongo wake haukuniuma hata siku moja.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Shoka na goti langu. Nilibeba sarara nzima. Anaishi chumba kile kile, kitanda kimesogezwa karibu na mlango ili asinyooshe mkono mbali. Kabla sijakaa akaanza kunishukuru. Mwanangu, ningependa angenitukana. Nikamwambia acha. Nikamweleza yote, miezi mitatu, wiki moja, miaka kumi na saba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, nilijua tangu mwaka wa pili."

Nikamuuliza mbona basi alikuwa anashukuru kila mara.

Akasema, "Ningesema nini, na mtoto wako kasimama mlangoni na mfuko?"

Nilirudi nyumbani sikufungua bucha siku mbili. Nilikwenda kumwandikisha, nimeambiwa mtu aliyekwisha kuacha kazi haandikiki, na kwamba kwa daftari langu mwenyewe la malipo Shoka ni kibarua wa miezi mitatu ambaye hakuwahi kuifikisha. Nitamtunza mpaka mmoja wetu afe, lakini huko ni kutunza, na anapokea kwa shukrani zilezile, nami nakaa pale nazisikiliza.

Umeniuliza ufanye nini. Hii ndiyo mara ya kwanza tangu uvunje ungo umeniuliza, na mimi wa kuulizwa ndiye huyu. Usikubali. Chiriku anakula, anasoma, anacheka tena. Atakungoja mwaka mwingine na hatakufa. Ukibeba mfuko ule, utazoea. Mimi nilizoea kabla ya mwaka kwisha, nikawa naamini kabisa kwamba mimi ni mwajiri mwema. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba niliamini.

Baba yako


30 Septemba

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na safari hii hata pua ni nzima. Natumai goti linakuruhusu kutembea, na kwamba Shoka anapata usingizi.

Ningeweza kusingizia posta. Watu wanasingizia posta kila siku. Barua yako ilifika tarehe 15, siku tatu kabla. Niliisoma nikiwa nimekaa kitandani na mabuti, nikaisoma tena, nikalia kwa ajili yako na kwa ajili ya Shoka. Tarehe 18 nikapanda ofisini nikakubali.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Umeniambia Chiriku atangoja mwaka mwingine na hatakufa. Ni kweli hatakufa. Lakini mwaka jana alikuwa ananiandikia mwenyewe, mwaka huu anakutuma wewe uulize maswali yake. Nimehesabu hiyo pia. Nilimwangalia Bibi Mkasi, miaka kumi na tisa ya kukataa, na nikaona kwamba kiwanda hakikupungukiwa na kitu, mfuko ulibebwa na mwingine. Nilijiambia hivyo. Najua ndivyo mnavyojiambia nyote.

Jana ilikuwa siku ya tisini. Nimeandikwa wa kudumu. Karani aliinua uso safari hii, akanipongeza. Karatasi za Chiriku zitafika kwako kabla ya mwisho wa mwezi ujao, mnunulie viatu vya kufunika vidole, na vyeti vyake vya shule uviweke kwenye ile bahasha ngumu. Akikuuliza mama yake anafanya kazi gani, mwambie navaa koti jeupe. Hayo mengine naomba asiyasikie kwako, wala kwangu.

Bibi Mkasi hanisemeshi. Nikipita na koti anageukia kwenye mnyororo. Simlaumu, hata mimi nisingetaka kujitazama.

Tangu tarehe 18 nimepeleka mifuko minne. Wa kwanza alikuwa mwanamume, sikumwangalia usoni. Wa pili na wa tatu niliwaangalia. Wa nne ilikuwa leo asubuhi, msichana wa kwetu kabisa, anavuta utumbo pale pale nilipokuwa nasimama mimi, mtu wa saba. Ana siku themanini na nane. Nilimgusa bega, maana nimegundua wanaelewa haraka zaidi ukiwagusa. Nikamwambia apumzike siku mbili, nikampa mfuko. Akauweka chini, akavua glavu, akanishika mikono yote miwili kwa yake yenye damu ya kuku, akaniombea kwa Mungu. Aliniambia ana mtoto wa kiume amemwacha kwa mama yake.

Kisha akatoa karatasi kifuani, imekunjwa ndogo kabisa, akaifungua juu ya goti, akaweka kidole. "Dada," akasema, "wewe unayajua maneno yao. Hili hapa, baada ya tisini, maana yake nini?"

Nikamwambia hilo bado sijalifikia.

Mwanao